Kanda la Usufi

Mama yangu aliuza soda kando ya Barabara ya Morogoro, Manzese, kwenye kibanda cha mbao ambacho daladala zilisimama mbele yake. Mwaka 1992 nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuzilinda chupa. Soda ikishauzwa ilikuwa imekwisha, hela imeingia kwenye kopo. Chupa ilikuwa bado mali ya mama, ingawa iko mkononi mwa mtu mwingine, na mtu huyo mara nyingi alikuwa na haraka.

Kwa msomaji aliyezaliwa juzi, nieleze kidogo. Kibandani kwetu wakati huo soda ilikuja kwenye chupa ya kioo tu. Kreti moja lilibeba chupa 24. Gari la soda likifika, mama alitoa kreti la chupa tupu, akapewa lenye soda, akalipia kilichomo ndani. Chupa ikipungua, alilipia na chupa, na bei ya chupa moja ilimeza faida ya soda kadhaa. Mteja naye alifungwa kwa kamba hiyo hiyo. Ukitaka kwenda kunywea nyumbani, njoo na chupa yako tupu au acha hela ya chupa. Huna hiki wala kile, simama hapa, unywe, urudishe.

Hapakuwa na bango la kuhimiza usafi wala mtu wa kutuhubiria mazingira. Neno "kurejeleza" sikulisikia mpaka nilipokuwa mtu mzima. Chupa zilirudi kwa sababu mteja alikunywa akiwa hatua mbili kutoka kwenye kreti, na kwa sababu mama alikuwa anamtazama mdomoni.

Wenye haraka zaidi tuliwamiminia soda kwenye mfuko wa nailoni, tukaufunga na mrija ndani, wakapanda nao gari. Mfuko ule hatukuuhesabu. Uliishia dirishani, kisha mtaroni, na sisi hatukuona kwamba ni jambo.

Jioni moja baba mmoja mwenye mkoba alinunua Fanta, akaikataa nailoni, akaahidi kunywa upesi. Daladala ya Kariakoo ikaingia. Watu wakagombea mlango, naye akapanda na chupa yetu mkononi. Nikakimbia. "Konda! Konda, chupa yetu hiyo!" Konda akacheka, akapiga bodi, gari likaondoka. Yule baba hakuwa mwizi. Aliponiona nakimbia alitoa mkono dirishani akaiachia chupa, akidhani nitaidaka. Ilipasuka kwenye lami mbele ya miguu yangu. Niliokota shingo na kitako, nikampelekea mama nikitumaini kwamba watu wa gari la soda wangekubali vipande.

Mama alivitazama, akaniuliza kama nimejikata. Kisha akasema, "Chupa itanunuliwa, mwanangu. Usiingie tena barabarani kwa ajili ya chupa." Usiku ule alihesabu kreti mara tatu, kana kwamba hesabu ingebadilika.

Baadaye ikaja soda ya chupa ya plastiki. Watu wakaiita teki-awei, na jina likakaa hata midomoni mwa wasiojua lilikotoka. Unanunua, unaondoka nayo, mambo yenu yamekwisha. Mama alikuwa wa kwanza kufurahi. Hakuna kuhesabu usiku, hakuna kugombana na mlevi aliyeapa kwamba chupa karudisha, hakuna mtoto wa kutumwa barabarani. Nami nilifurahi. Kwa mara ya kwanza nilipata nafasi ya kufanya kazi za shule nikiwa nimekaa pale pale kibandani, na sitasema uongo kwamba niliikumbuka ile kazi ya zamani.

Zaidi ya miaka ishirini ilipita kabla sijajiuliza zile mbio zangu zilikwenda wapi. Maana safari ya chupa haikufutika. Chupa ilikuwa bado inatoka mkononi mwa mtu pale kituoni, na bado ilipaswa kufika mahali. Kilichobadilika ni kwamba mimi sikuwa tena wa kuikimbilia.

Nilipoanza kusoma historia ya vyombo vya vinywaji, nilikuta kwamba swali langu lina tarehe. Tarehe 24 Januari 1935, kampuni ya bia ya Krueger, kutoka Newark huko Marekani, iliingiza sokoni bia ya kopo katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia. Kabla ya hapo bia na soda za Marekani ziliishi maisha ya chupa za mama yangu: unalipa amana, unakunywa, unarudisha, kiwanda kinaosha na kujaza tena. Kopo lilikuwa zito, la chuma, na ulihitaji kitobozi kulifungua. Lakini lilikuwa na sifa moja ambayo watengenezaji waliitangaza kwa nguvu miaka iliyofuata: halina amana, halirudishwi. Baada ya Vita Kuu ya Pili chupa za kioo za kutupwa zikafuata njia hiyo hiyo.

Walioona tofauti mapema ni watu wa mashambani. Mwaka 1953 jimbo la Vermont lilipiga marufuku kuuza bia katika chupa zisizorudishwa. Jimbo lile ni la ng'ombe wa maziwa, na wakulima walilalamika kwamba chupa zinazotupwa kutoka kwenye magari zinaishia malishoni. Sheria haikufika mbali. Miaka minne baadaye iliachwa ife.

Mwaka huo huo wa 1953 ilianzishwa jumuiya ya Keep America Beautiful, na miongoni mwa walioianzisha walikuwamo watengenezaji wakubwa wa makopo na chupa. Kampeni zake ziliwafundisha Wamarekani kwamba uchafu wa barabarani ni tabia mbaya ya mtu mmoja mmoja. Anayetupa ndiye mkosaji, na dawa yake ni malezi. Jambo hilo si uongo. Hata mimi, nikimwona mtu anatupa chupa dirishani, nafikiria malezi yake kabla sijafikiria kiwanda. Lakini angalia kilichofichwa nyuma yake. Kwa miaka mingi chupa ilikuwa na njia ya kurudi, na njia hiyo ilimgharimu mwenye kiwanda magari, maji ya kuoshea na watu wa kuhesabu. Njia ikaondolewa, gharama ikampungukia. Kisha mnywaji akaambiwa kwamba kasoro iko moyoni mwake.

Jimbo la Oregon lilijaribu kuirudisha njia ile. Mwaka 1971 lilipitisha sheria, ya kwanza ya aina yake katika majimbo ya Marekani, iliyoweka amana ya senti tano juu ya chupa na makopo ya bia na soda, na ilianza kutumika Oktoba 1972. Chupa zikapungua barabarani. Tabia ya watu wa Oregon haikugeuzwa kwa hotuba. Mtu alirudisha chupa kwenye duka ambalo alikuwa anakwenda hata hivyo, akarudishiwa senti zake. Na kama mwenyewe hakuzitaka, alikuwepo mtoto wa kuziokota. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, maana mtoto huyo nilimfahamu.

Haya yote niliyasoma kwa sababu ya kazi. Mwaka 2016 niliajiriwa kwenye mradi mdogo wa kukusanya plastiki katika stendi moja ya mabasi mkoani. Stendi yenyewe sitaitaja, wala waliotuajiri, kwa kuwa kosa nitakalolieleza lilikuwa langu pia. Tulileta mapipa sita mapya, matatu ya bluu kwa ajili ya chupa na matatu ya kijani kwa taka nyingine. Tulipiga picha. Kiongozi mmoja akatoa hotuba kuhusu ustaarabu, akawasifu Wajapani.

Wiki mbili baadaye nilifungua pipa la bluu. Mlikuwa na maganda ya ndizi, magunzi ya mahindi ya kuchoma, nepi moja, na chupa saba. Chupa nyingine zilikuwa zimelala pale zilipokuwa zimelala siku zote, chini ya madirisha ya mabasi.

Kikao kikaitwa. Karibu kila mtu alikuwa na maelezo ya aina moja: watu wetu hawajaelimika. Nami nilikubali. Tukachapisha mabango, tukaajiri kijana mwenye kipaza sauti. Chupa zikapanda kutoka saba hadi kumi na moja.

Ndipo siku moja, nikiwa sina la kufanya, nilihesabu hatua. Kutoka mlango wa mabasi ya Dar mpaka pipa la bluu la karibu zilikuwa hatua arobaini na sita. Mapipa yote tulikuwa tumeyaweka karibu na ofisi, mahali pasafi, penye kivuli, ambapo kamera ilipenda. Abiria aliyekwisha kukaa kwenye kiti chake, mizigo miguuni na mtoto mapajani, alitakiwa ashuke, atembee hatua arobaini na sita, arudi nyingine arobaini na sita, na akute kiti chake bado kipo. Kwa ajili ya chupa. Nikamkumbuka yule baba mwenye mkoba.

Na Wajapani je? Mfano wao ulinisumbua, kwa sababu ni kweli kwamba barabarani Tokyo mapipa ya taka ni machache mno na jiji ni safi. Yapo machache kwa sababu ya msiba. Tarehe 20 Machi 1995 waumini wa kundi la Aum Shinrikyo waliachia gesi ya sumu ya sarini ndani ya treni za chini ya ardhi za Tokyo, wakaua watu zaidi ya kumi na kuwaumiza maelfu. Baada ya hapo mapipa yaliondolewa kwenye stesheni na sehemu nyingi za wazi kwa kuhofia kwamba mtu anaweza kuficha kitu ndani yake. Watu wakazoea kubeba taka zao hadi nyumbani, na mazoea hayo yalipata mizizi kwa kuwa shuleni watoto wa huko hufagia madarasa yao wenyewe. Kwa hiyo malezi yana nguvu, silikatai. Lakini hata kule, ukiangalia mashine za kuuzia vinywaji zilizotapakaa kila kona, pembeni ya mashine mara nyingi pana kisanduku chenye tundu la duara la kupokea chupa na makopo. Mnywaji amalizaye pale pale hana haja ya kuwa Mjapani mwema. Ananyoosha mkono tu. Lile ni kreti la mama, ila halina mama.

Tulihamisha mapipa mawili hadi kwenye milango ya mabasi. Nililipigania jambo hilo kwa wiki nzima, maana mwenye ofisi alisema yataharibu mandhari. Jingine tulilolifanya tuliliiba kwenye utafiti. Mwaka 2009 Sean Duffy na Michelle Verges walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Mapipa ya vinywaji yaliwekewa mifuniko maalumu, yenye tundu la umbo la kitu kinachotakiwa kuingia. Chupa na makopo yaliyoingia mahali pake yaliongezeka kwa asilimia 34, na taka zisizohusika zilipungua kwa asilimia 95. Hakuna aliyehutubiwa. Tundu lilisema lenyewe. Basi nasi tulimpelekea fundi mifuniko yetu ya bluu, akaitoboa tundu la duara, kiasi cha chupa kupita na ganda la ndizi kukwama.

Baada ya mwezi pipa la bluu la mlangoni lilikuwa linajaa kila jioni. Sikumbuki kazi yoyote iliyonipa furaha kama ile. Niliandika ripoti ya kurasa nne, nikaweka na picha.

Kosa ninalolisema lilikuwa kufuli.

Kwa kuwa mapipa sasa yalikuwa na kitu cha thamani, chupa zilianza kutoweka usiku. Mnunuzi wetu wa plastiki alilipa kwa kilo, na mradi ulitakiwa uonyeshe kilo. Nikapendekeza kufuli. Pendekezo ni langu, nililitamka kwa mdomo wangu kikaoni, na lilipita bila mtu kuuliza chupa zinakwenda wapi. Tukafunga mifuniko yote sita.

Siku ya tatu alinijia mama mmoja mtu mzima, kitenge kiunoni, kiroba tupu begani. Nilikuwa nimemwona mara nyingi bila kumtazama. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba, baba. Wewe ndiye wa haya makufuli?"

Nikasema ndiye.

"Mimi hapa naokota tangu mwanangu wa mwisho yuko mgongoni. Sasa yuko kidato cha pili. Kabla hamjaja nilikuwa nainama chini ya kila basi. Mlipoyaleta mapipa huku mlangoni nikasema, Mungu kanikumbuka, chupa zinanisubiri mahali pamoja, mgongo utapumzika. Sasa mmezifungia. Mnazipeleka wapi?"

Nikamweleza kwamba tunaziuza kwa kilo ili mradi ujiendeshe. Alinisikiliza kwa adabu iliyoniumiza zaidi kuliko kama angenitukana. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mnaokota kama mimi?"

Sikuwa na jibu. Akaweka kiroba chake vizuri begani, akaenda zake kuinama chini ya mabasi, ambako sasa, kwa juhudi zetu, chupa zilikuwa zimepungua sana.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilikuwa nimeusikia msemo huo tangu utotoni bila kuuwazia. Usufi ni mwepesi, na kanda lake hata likiwa kubwa kama mtu, anayelitazama kwa mbali hudhani si kitu. Kiroba cha chupa tupu kiko hivyo hivyo. Nimewaona waokotaji wakitembea kando ya barabara na viroba vilivyowazidi kimo, na nimewahi kujisemea kwamba ni plastiki tu, haina uzito. Lakini wanaouziwa wanapima kilo. Chupa tupu ina gramu chache tu, na kilo moja ni kuinama mara nyingi mno.

Ni baada ya siku hiyo nilipokutana na habari za Paris, na nikatamani ningezisoma kabla. Tarehe 24 Novemba 1883 mkuu wa mkoa wa Seine, Eugène Poubelle, alitia saini amri iliyowataka wenye nyumba wa Paris wawapatie wapangaji vyombo vyenye mifuniko vya kuwekea taka. Kabla ya hapo taka zilimwagwa mbele ya nyumba zingoje gari. Amri ilitaka hata zitenganishwe: za kuoza mahali pake, karatasi na vitambaa mahali pake, na vigae, vioo na maganda ya chaza mahali pake. Miaka 130 na ushei kabla ya mapipa yetu ya bluu na kijani, wazo lilikuwa limeshaandikwa.

Kutenganisha kulishindwa mapema, chombo chenyewe kikadumu. Lakini lililonishika ni waliopinga. Paris ilikuwa na maelfu ya waokotaji ambao kila usiku walipita na taa, ndoano na kapu mgongoni wakichambua marundo. Matambara yalikwenda kwenye viwanda vya karatasi, mifupa kwenye gundi na vifungo, vioo kwenye tanuri. Jiji lilitaka kuwafundisha wapangaji wake kutenganisha taka, ilhali tayari lilikuwa na watu wanaozitenganisha kila usiku bila mshahara. Chombo chenye mfuniko, kinachotolewa nje alfajiri muda mfupi kabla ya gari kufika, kiliwanyang'anya usiku wao. Walipiga kelele, na magazeti kadhaa yakasimama upande wao, yakamdhihaki mkuu wa mkoa kwa kulipachika jina lake kwenye pipa la taka. Mpaka leo Mfaransa akitaka pipa la taka anasema poubelle. Mwishoni jiji lililegeza kamba kidogo, waokotaji wakaachiwa kuchambua kabla gari halijapakia.

Mkuu wa mkoa hakuwa mtu mbaya. Jiji lake lilikuwa linaugua uchafu na alilitibu. Ila alipima urahisi kwa hatua za mpangaji na hatua za farasi wa gari la taka. Hatua za mwenye ndoano hakuzihesabu. Kwenye ripoti yangu ya kurasa nne, mimi nami nilihesabu za abiria.

Wajerumani walipitia somo la namna hii mbele ya macho ya wote. Tarehe 1 Januari 2003 waliweka amana ya lazima, kwa sehemu kubwa senti 25 za yuro, juu ya makopo na chupa nyingi za kutupwa. Hela ilikuwepo, sheria ilikuwepo, lakini mwanzoni ilikuwa vurugu. Maduka makubwa yalipokea vyombo vya aina yao tu, kwa hiyo aliyenunua kinywaji stesheni ya mji mmoja na kukimaliza akiwa mji mwingine alibaki na kopo lisilo na pa kwenda. Mei 2006 sheria ikasawazishwa. Duka kubwa linalouza kopo linapokea kopo lolote la amana, la kuuza plastiki linapokea plastiki yoyote. Mashine za kumeza chupa zikaenea, na kurudisha kukawa sehemu ya kwenda dukani. Amana haikuongezwa. Zilizopungua ni hatua.

Hata hivyo kwenye bustani na vituo vya treni mtu mwenye haraka bado alitupa chupa yake pipani, akaiacha na senti zake. Wazee wa pensheni ndogo na watu wasio na kazi wakaanza kuzifuata, wakiingiza mikono kwenye taka. Ndipo likaenea ombi dogo, kwenye vibandiko na midomoni mwa watu: chupa yako usiitupe ndani, isimamishe pembeni ya pipa. Miji mingine ikafunga vishikizo kwenye mapipa ili chupa zisimame hapo. Ni jambo dogo sana. Anayetupa hapotezi chochote, na anayeokota haingizi mkono wake kwenye vipande vya vioo.

Ningependa kusema kwamba nilirudi kikaoni nikashinda. Nilirudi, nikapendekeza kufuli zitolewe na waokotaji wa stendi wapewe chupa zote, sisi tununue kwao kwa kilo. Nikaulizwa, kilo za mradi zitatoka wapi, na wafadhili wataonyeshwa nini. Nilipigiwa kura nikashindwa, watano kwa wawili. Miezi minane baadaye fedha zikaisha. Mapipa yalibaki na kufuli zake, na funguo hazikujulikana ziko kwa nani. Yakajaa, yakafurika, mwishoni mtu akayavunja.

Sheria ya mifuko ya plastiki ilikuja baada ya hapo, tarehe 1 Juni 2019, na ile mifuko tuliyoiita rambo ikaondoka madukani karibu kwa siku moja. Wengi hatukuamini kwamba inawezekana. Ile nailoni ya soda ya mama ikawa kumbukumbu. Chupa ya teki-awei haikuguswa, na bado inauzwa kwenye kila dirisha la basi.

Mwaka jana nilipita tena stendi ile nikielekea msibani. Basi letu lilisimama dakika kumi. Mapipa yetu sikuyaona, ila pale yalipokuwa la bluu na la kijani, kwenye nguzo ya taa iliyo karibu kabisa na mlango wa mabasi, palikuwa na kiroba kimefungwa kwa kamba, mdomo wake umetanuliwa kwa waya ukakaa wazi kama kikapu. Kilikuwa kwenye kimo cha dirisha. Abiria wa upande wangu walikunywa, wakanyoosha mikono, wakadondosha. Kijana mmoja alikosa shabaha, na konda akamfokea, "Oya, ya mama hiyo, irudishe kirobani!" Kijana akashuka, akaiokota, akaitia, akapanda akicheka.

Nilimtafuta yule mama kwa macho sikumwona. Nilimwuliza konda kama anamfahamu mwenye kiroba. "Bi mkubwa? Anakuja saa kumi na mbili kukichukua. Makonda wote tunamchungia." Nikauliza ni nani aliyewaza kukifunga pale. Akanishangaa. "Mwenyewe. Si ndipo chupa zinapoangukia?"

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mama. Ana miaka sabini na minne sasa, na kibanda alishakiacha zamani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo mimi sikuwa nimeliuliza: kiroba kikijaa, anakibeba nani? Nikasema nadhani anakibeba mwenyewe.

"Mpaka wapi?"

Kwa mnunuzi, nikasema. Ni mwendo.

"Siku ukipita tena pale," mama akasema, "uhesabu na hizo."